Mafuta ya Nyonyo kwenye Regyuleta

Kahawa haingoji mkutano. Ukishaichuma mbivu inataka kumenywa siku hiyo hiyo, ama sivyo inapata joto ndani ya gunia, inachacha, na mnunuzi akiinusa anakunja pua na kukutazama wewe, siyo kahawa. Kwa hiyo shafti ya mashine ya kumenyea ilipokatika katikati ya msimu, katika kijiji cha ujamaa kilichokaa kando ya barabara kuu ukishapita Nanyala kuelekea Tunduma, hakuna aliyekuwa na hamu ya hotuba. Watu walishusha vikapu vyao wakamtazama Enesi.

Wengine walimtegemea. Wengine, na hao ndio waliokuwa wengi, walikuwa wanangoja aumbuke.

Enesi alikuwa fundi wa kuchomelea wa kijiji, naye alikuwa mwanamke, na mambo hayo mawili katika nchi ya Wanyiha hayakuwa yamewahi kukaa kwenye kigoda kimoja. Watu wa huko walikuwa wahunzi tangu enzi za mababu. Waliyeyusha chuma wenyewe kwa tanuri na mivukuto, wakafua majembe yaliyouzwa mbali, na sharti la kwanza la tanuri lilikuwa kwamba mwanamke asisogee. Akisogea, chuma kinakataa. Hakuna aliyewahi kukiuliza chuma chenyewe kama kweli ndivyo kilivyosema.

Mhunzi wa mwisho aliyebaki kijijini alikuwa Mzee Osea, na Mzee Osea, kwa bahati mbaya au nzuri, ndiye aliyemzaa Enesi. Ujuzi wake alikuwa amemwachia mwanawe wa kiume, Abrahamu. Alimpa nyundo, akaipaka mafuta ya nyonyo kwa dole gumba, mistari mitatu shingoni mwa nyundo, kama wahunzi wote walivyofanya kumtambulisha mhunzi mpya. Mwaka uliofuata Abrahamu alivuka mpaka kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba Zambia, na nyundo akaiacha nyuma ya mlango. Tangu siku hiyo mzee hakupaka tena mafuta chombo cha mtu yeyote. Alibaki na kibuyu chake cha nyonyo, na sanduku la bati lenye shuka nyeupe na mche mzima wa sabuni, ambao alikuwa ameuweka ili aoshwe nao siku akifa. Miaka hiyo sabuni ilikuwa imeadimika mpaka watu wakawa wanafulia majani ya mpapai. Majirani walikuwa wamekwisha kuuomba mche ule kwa ajili ya harusi, ubatizo na mapokezi ya mkuu wa wilaya, na kila mara mzee aliwajibu kwamba yeye hataki kwenda kwa Mungu akinuka moshi.

Enesi alijifunza moto kwenye kambi ya reli, wakati reli ya kwenda Zambia ilipokuwa inajengwa. Alianza kwa kuwachotea mafundi maji, akaishia kushika tochi ya kuchomelea. Mwalimu wake alikuwa fundi mmoja Mchina ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa maneno matatu: bado, tayari, na mafuta. Mawili ya kwanza aliyatumia kwa kazi. Hilo la tatu alilitumia kwa kuonyesha kidole mtungi wa oksijeni, kisha kuvua kofia. Upande mmoja wa kichwa chake haukuwa na nywele wala unyusi, na sikio lilikuwa kipande tu. Tone la mafuta lilikuwa limebaki kwenye mdomo wa mtungi, oksijeni ikalikuta kwa nguvu zake zote, likawaka lenyewe bila kiberiti. Enesi hakuhitaji neno la nne.

Kijiji kiliponunua seti ya gesi kwa fedha za kahawa, mtungi wa oksijeni na mtungi wa asetilini, hapakuwa na mwingine aliyejua kuitumia. Hata hivyo mkutano ulivutana mpaka jua likazama. Aliyepinga kuliko wote alikuwa Mzee Osea.

"Mkimpa mwanangu moto," alisema, "mtaishia kula mahindi ya kuchoma."

Watu walicheka sana. Enesi hakucheka. Mwenyekiti wa kijiji, Boazi, mtu mwenye sauti kubwa na moyo usio mbaya, alikata shauri kwa njia yake. Alisema kazi kubwa ya kwanza ndiyo itakayoamua: ikimshinda Enesi, mitungi itapelekwa wilayani na haitarudi. Kuanzia siku hiyo Mzee Osea akipita mbele ya karakana ya binti yake alivuka barabara akatembea upande wa pili, japo upande huo ulikuwa na matope.

Basi kazi kubwa ya kwanza ilikuwa imefika, na ilikuwa imelala sakafuni vipande viwili.

Enesi aliitengeneza ile shafti vizuri. Alipiga tupa ncha zote mbili, akazilaza juu ya chuma cha pembe ili zinyooke, akawasha tochi. Moto ulitoka mzuri, ulimi mdogo wa bluu ulio mtulivu. Kisha, kabla chuma hakijaanza hata kuwa chekundu, moto ukaanza kunguruma. Ulimi ukarefuka, ukachongoka, ukalia pa! na kuzimika. Aliwasha tena. Ukanguruma tena, ukazimika tena, na mtu mmoja mlangoni akasema kwa sauti ya chini ambayo alitaka isikike kwamba chuma kimekataa.

"Mama Leah," alisema Boazi, ambaye alimwita kwa jina la mtoto wake kila alipotaka kuwa na heshima, "vipi?"

"Natafuta, Mwenyekiti."

"Unatafuta nini?"

"Mahali gesi inaponidanganya."

Ugonjwa wa gesi hautafutwi kwa hasira, na Enesi alikuwa na hasira, kwa hiyo aliketi kwanza mpaka ikatulia. Kisha akaanza mwanzo. Alikuwa na kijipande cha sabuni, kilichobaki chembamba kama ukucha. Alikikoroga chote ndani ya kikombe cha maji, akapaka povu kwenye kila kiungo cha mipira. Hakuna povu lililovimba, kwa hiyo hapakuwa na kiungo kinachovuja. Alizibua nozeli kwa waya mwembamba; ilikuwa safi. Mwisho akafunga tochi, akalegeza skrubu ya regyuleta ya oksijeni mpaka mwisho, akakaza macho kwenye geji. Sindano ilipaswa kutulia pale pale. Ilipanda, polepole, bila aibu, kama vile hakuna aliyefunga chochote.

Alikuwa amempata mwongo. Regyuleta ni kile kichwa cha shaba kinachokaa shingoni mwa mtungi. Kazi yake ni kupokea gesi yenye nguvu za kuua na kuitoa kidogo kidogo, kwa kadiri fundi anavyotaka. Hii ya Enesi ilikuwa imeacha kutii. Fundi akiomba kidogo, inampa kidogo, kisha inamwongezea ambacho hakuomba.

"Agiza nyingine," alisema Boazi.

"Kutoka wapi?"

Fimbo ya mbali haiui nyoka, na spea miaka hiyo zilikuwa mbali kuliko fimbo yoyote. Boazi alitazama magunia ya kahawa, akatazama watu, na alipozungumza sauti yake ilikuwa imepungua.

"Lori la wilaya linapita kesho jioni likitoka Tunduma. Likikuta mashine imelala, mitungi inapanda humo. Sitakuwa na neno lingine la kuwaambia hawa."

"Sawa," alisema Enesi. "Kesho jioni."

Akaifungua regyuleta kutoka kwenye mtungi, akaenda nayo nyumbani. Ukishayavulia maji nguo, huna budi kuyaoga.

Alitandika shuka safi juu ya mkeka mbele ya nyumba, akanawa mikono kwa maji ya moto, akaanza kuifumua. Hakuwahi kuifumua regyuleta peke yake. Kambini alikuwa amemwona yule Mchina akifanya, na alikumbuka mpangilio: kifuniko, springi, kisha kiwambo cha mpira kilichowambwa kama ngozi ya ngoma, na chini yake kinywa kidogo cha shaba chenye kisahani cheusi kinachokiziba. Kila kitu alikilaza juu ya shuka kwa zamu yake ili asije akasahau kipi kilitangulia.

Mzee Osea alikuwa akikaa nyumba ya pili katika boma hilo hilo. Alikuwa anapita akitokea shambani, jembe begani, na alinuia kupita tu kama kawaida. Lakini macho ya mhunzi ni macho ya mhunzi. Miguu yake ilisimama yenyewe kando ya mkeka.

Enesi alibonyeza kiwambo kwa kidole, kikashuka, akakiachia, kikapanda.

"Hicho kinapumua?" aliuliza mzee.

Lilikuwa swali lake la kwanza kuhusu kazi ile tangu mkutano. Enesi hakuinua uso, kwa kuogopa kwamba akimtazama ataondoka.

"Kinapumua, baba. Mtungi unatoa pumzi kali mno. Hiki kinaipokea, kinaipunguza. Ni mivukuto, ila yenyewe inazuia badala ya kusukuma."

Mzee alitafuna mdomo. "Na sasa kinaumwa nini?"

"Ndiyo naangalia."

Mzee aliondoka bila kuaga.

Enesi aliupata ugonjwa kabla jua halijashuka. Kwenye uso wa kile kisahani cheusi kulikuwa na chembe ya mchanga imejichimbia, na pembeni yake mfuo mdogo uliochimbwa na ile chembe. Kinywa kilikuwa kinafumba lakini hakifungi. Alijua chembe ilikotoka. Mtungi mpya ulipoletwa na lori kutoka Mbeya yeye alikuwa amempeleka mtoto kliniki, na Mwenyekiti kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya watu, alikuwa ameufungia regyuleta bila kupuliza vumbi la barabarani mdomoni mwake. Enesi alilijua hilo na alilimeza, kwa sababu kulisema kusingemenya kahawa.

Aligeuza kisahani. Upande wa pili ulikuwa haujawahi kutumika, laini kabisa, na kwa furaha alijikuta akicheka peke yake. Aliupanguza, akaukalisha, akarudisha springi, kiwambo na kifuniko, akaifunga regyuleta nzima ndani ya shuka na kuiweka juu ya rafu chumba cha nje. Usiku huo alilala usingizi wa mtu ambaye shamba lake limekwisha kulimwa.

Asubuhi baridi ya Mbozi ilikuwa inauma masikio. Enesi alikwenda kwanza kisimani, akarudi, akachukua furushi lake na kuelekea karakana. Watu walikuwa wamekwisha kufika. Kahawa ya jana ilikuwa imeanza kutoa harufu, na akina mama walikuwa wanaigeuza kwa mikono ili ipoe. Ng'ambo ya barabara, mbele ya mkahawa wa Zaitun, mama mmoja mcheshi kutoka Kilosa aliyehamia huko na mumewe dereva, alisimama Mzee Osea akinywa chai na kutazama. Enesi alimwona na hakuelewa. Baba yake hakuwa mtu wa kununua chai.

Alifungua mtungi kidogo sana, ukapuliza fyuu! mara moja kutoa vumbi, akaufunga. Akafungua shuka, akaishika regyuleta ili aiunge. Dole gumba lake likateleza.

Aliigeuza kwenye mwanga. Shingoni, kuanzia kwenye hesi za kuungia mpaka kwenye kifuniko, palikuwa na mistari mitatu ya mafuta, minene, inayong'aa, na tone moja lilikuwa limetiririka likaingia kwenye tundu la gesi. Hakuhitaji kunusa. Ilikuwa nyonyo.

Alikuwa ameingojea mistari ile tangu akiwa mtoto, tangu siku alipochungulia kupitia ufa wa ukuta akaona Abrahamu akipakiwa nyundo yake, na akalia kwa wivu mpaka mama yake akamchapa. Sasa alikuwa ameipata, na imewekwa mahali pekee duniani ambapo ingemwua. Furaha na hofu vilimpanda kwa pamoja, akawa hajui kipi akimeze kipi akiteme.

"Funga basi," alisema Boazi.

"Haifungwi. Ina mafuta."

"Si ndiyo vizuri? Chuma gani kisichopenda mafuta? Injini inakunywa mafuta, baiskeli inakunywa mafuta."

"Oksijeni haipendi, Mwenyekiti. Nikifungua mtungi hivi hivi, italipuka, itaanza na uso wangu, itamalizia na wako."

Boazi alirudi nyuma hatua moja. Kisha uso wake ukabadilika, na neno ambalo redio ilikuwa ikilisema kila siku likamtoka kinywani.

"Hii ni hujuma."

Hujuma halikuwa neno la mchezo wakati ule. Watu walikuwa wanakamatwa kwa neno hilo.

"Nani kaingia kwako, Mama Leah? Nani hakutaka mashine hii izunguke? Nani alisimama mkutanoni akakupinga?"

Alipomaliza kuuliza tayari alikuwa na jibu, na watu wote wakawa nalo. Vichwa viligeuka ng'ambo ya barabara. Mzee Osea aliweka kikombe chini. Alivuka barabara polepole, fimbo mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu karakana ijengwe akaingia mlangoni.

"Nimepaka mimi," alisema.

"Mzee, unajua unachokisema?"

"Nimesema nimepaka mimi. Alfajiri, alipokwenda kisimani."

Mzee alitaka kueleza zaidi lakini maneno hayakuja. Alikuwa mtu wa kujua kukataa. Kukubali hakuwahi kujifunza. Boazi akawa anatafuta kwa macho mgambo yuko wapi.

"Mwenyekiti, tazama hapa," alisema Enesi. Akainua regyuleta juu ili wazee walioko mlangoni waione. "Mistari mingapi? Imepakwa kwa kidole gani? Nyinyi ndio mlionifundisha kwamba haya mambo yapo. Mtu anayehujumu chombo hakipaki alama ya mhunzi."

Wazee walisogea. Mmoja aliinama, akatazama, akatoa kofia. Mwingine akasema kwa Kinyiha jambo fulani kwa sauti ya chini, na minong'ono ikasambaa mpaka nje. Boazi, ambaye baba yake pia alikuwa amevuta mivukuto, alitazama mistari ile kwa muda mrefu.

"Kumbe," alisema. Na hasira yote ikamtoka.

"Lakini," alisema Enesi, akimgeukia baba yake, na hilo ndilo lililomwuma kuliko yote, "lazima niyaoshe, baba. Yote."

"Mafuta yangu?"

"Mafuta ya mtu yeyote. Yakibaki kidogo tu, yataniunguza."

Mzee aliitazama regyuleta, akamtazama binti yake usoni, nyusi, masikio, kana kwamba anavihesabu kama vyote bado vipo. Mkono aliotumia kupakia ukaanza kujifuta wenyewe kwenye suruali.

"Osha," alisema. "Osha upesi."

Upesi ulihitaji sabuni. Duka la ushirika halikuwa na sabuni tangu masika. Mtu mmoja akashauri majivu. Enesi akakataa, kwa sababu majivu yana chembe na chembe ndiyo iliyowafikisha pale. Aliomba mwenye kipande ajitolee. Hakuna aliyejitokeza. Wote walikuwa navyo, wamevificha kwenye nyasi za paa na ndani ya vyungu, na wote walivipata kwa njia moja, kutoka Nakonde ng'ambo ya mpaka, usiku, bila ushuru. Nani atakitoa mbele ya Mwenyekiti ambaye dakika chache zilizopita ametamka neno hujuma?

Zaitun ndiye aliyelitatua. Alikuja na karai la maji ya moto, akaliweka chini, akashika kiuno.

"Mwenyekiti wangu, hebu geuka utazame barabara kidogo. Magari ya Zambia yanapita mazuri kweli siku hizi."

Boazi alimtazama. Akaangalia magunia. Kisha akageuka, akawapa watu mgongo wake mpana, mikono nyuma.

"Kweli ni mazuri," alisema.

Nyuma yake vipande vikaanza kudondoka karaini: cha kijani, cha bluu, kingine kikubwa kiasi cha kuwafanya watu wagune. Mwenyekiti hakugeuka. Alisifia magari mpaka yakaisha, kisha akaanza kusifia barabara yenyewe.

Enesi aliifumua regyuleta upya. Aliosha kila kipande, akasuuza, akasugua hesi kwa uzi, akapuliza, akapanguza kwa kona ya ile shuka yake nyeupe. Kona ilitoka na doa la manjano. Aliosha tena mpaka vipande vyote vya sabuni vikaisha na karai likabaki povu la kijivu. Alipanguza. Doa lilikuwa limepungua, lakini lilikuwepo. Jua lilikuwa limekwisha kuvuka utosi.

"Imetosha, Mama Leah," alisema Boazi taratibu. "Kadoa kadogo vile."

"Haijatosha."

Alisema hivyo huku akijua kwamba hana tena cha kuoshea. Angeweza kufunga na kubahatisha. Aliliona sikio la yule Mchina. Aliona pia lori likiondoka na mitungi, na yeye akirudi kushika jembe maisha yake yote, na machozi yakamlenga, lakini mkono wake haukusogea kwenye mtungi. Bado ilikuwa bado.

Hapo ndipo alipogundua kuwa baba yake hayupo. Alirudi akihema, amekwenda boma na kurudi bila fimbo, akiwa na kitu alichokikumbatia ndani ya gazeti la zamani. Alikiweka mbele ya Enesi na kulifungua gazeti. Ulikuwa mche mzima, mkavu kwa miaka, umepasuka pasuka.

"Baba, hii ni ya..."

"Najua ni ya nini. Nimeiweka mimi."

Mzee alichuchumaa, akachovya mche ndani ya maji mapya, akaupikicha kwa mikono yake mwenyewe mpaka povu likasimama. Kisha baba na binti wakaosha pamoja, vichwa vimekaribiana, mzee akimkabidhi kipande, Enesi akikisuuza. Mwisho Enesi alipanguza kila hesi na lile tundu kwa kona safi ya shuka, akaitandaza kona hiyo juani ili wote waone. Ilikuwa nyeupe.

Fundi mwenye ghala la spea angeitupa regyuleta ile na kuchukua nyingine. Enesi hakuwa na ghala. Alivianika vipande vikakauka kabisa, akaviunga, akaifungia kwenye mtungi.

"Rudini nyuma nyote," alisema. "Na wewe, baba."

"Mimi nasimama hapa."

"Baba. Rudi nyuma."

Hakuwahi kumwamuru. Mzee Osea alirudi mpaka kizingitini. Enesi alisimama kando, si mbele ya vioo vya geji, akafungua mtungi taratibu, unywele kwa unywele. Sindano ya kwanza ilipanda ikasimama. Akakaza skrubu, sindano ya pili ikapanda kidogo. Akailegeza, akafungua tochi ikapumua, akaifunga, akangoja. Sindano haikutikisika.

"Tayari," alisema.

Ulimi wa bluu ulitoka ukatulia. Enesi aliupeleka kwenye shafti, na chuma kikaanza kubadilika: kahawia, damu ya mzee, damu changa, kisha rangi ya embe lililoiva. "Sasa," alisema Mzee Osea kutoka mlangoni, bila kukusudia, na wakati huo huo Enesi alikuwa amekwisha kugusisha waya wa kuchomelea, na chuma kikayeyuka kikashikana. Hakuna aliyemwona akitabasamu, maana alikuwa amevaa miwani nyeusi na uso wote umejaa masizi.

Lori la wilaya lilipopita jioni, lilikuta injini ya dizeli inanguruma na kahawa inamenyeka, maganda mekundu upande huu, buni upande ule. Dereva alipiga honi kuuliza kama kuna mzigo. Boazi alimpungia mkono apite, akaendelea kumwaga magunia.

Enesi alifunga mitungi yote miwili, akatoa gesi iliyobaki kwenye mipira, akalegeza skrubu za regyuleta ili springi zipumzike. Watu walikuwa wamehamia kwenye mashine. Mlangoni alikuwa amebaki Mzee Osea peke yake, kibuyu cha nyonyo kimening'inia kiunoni, hajui akiweke wapi.

"Mitungi imefungwa, baba," alisema Enesi. Akamnyooshea mikono yake miwili, viganja juu. "Sasa nipake."

"Haitakudhuru?"

"Leo kazi imekwisha."

Mzee alichovya dole gumba. Alimpaka mistari mitatu kwenye kila kiganja, polepole, akisema maneno ya Kinyiha ambayo hakuwa ameyasema tangu Abrahamu. Enesi alilia, na hakujali nani anamwona. Alipomaliza, mzee aliokota kile kilichobaki cha mche wa sabuni, karibu nusu, akakiweka katikati ya kiganja kilichopakwa, akakifumba kwa vidole vya binti yake.

"Kesho unawe kabla hujagusa."

"Na wewe, baba? Siku hiyo watakuosha na nini?"

"Kwa maji," alisema Mzee Osea. "Maiti hachomelei chuma, mwanangu."